Gari ndogo za mtumba Unguja: kinachoharibika na kinachogharimu

Simama Kinyasini au Tunguu asubuhi uangalie gari zinazoelekea mjini. Nyingi ni zile zile: Vitz, IST, Passo, na Starlet chache za zamani ambazo wenyewe hawataki kuziuza. Zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika, zinakula petroli kidogo, na si rahisi kumpata fundi Unguja asiyezijua. Sifa hizo ni za kweli. Lakini wanunuzi wengi hupiga hesabu ya bei ya gari na ushuru, wakasahau kwamba kisiwa nacho kina namna yake ya kuharibu gari.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo injini nyingi zinapofia. Kifuniko cha rejeta hubana maji kwa shinikizo, ndiyo sababu maji yale hayachemki kwenye nyuzi 100 kama ya sufuria, bali huvumilia hadi karibu nyuzi 120. Mpira wa kifuniko ukichoka, au bomba la maji likipasuka kidogo, shinikizo hutoka na maji huanza kupungua. Mwenye gari huona limepungua, akaongeza maji ya kisima. Kesho akaongeza tena.

Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima vyetu yamebeba chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Tazama ndani ya birika la chai nyumbani: ule utando mweupe ndio unaojijenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta mpaka vikaziba. Chumvi nayo inakula alumini ya hedi na pampu ya maji. Maji maalumu ya rejeta, yale ya rangi, yana dawa ya kuzuia kutu. Ukikwama njiani bila hayo, maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, kisha ukifika mjini mfumo usafishwe na ujazwe yanayostahili.

Kuna mafundi hung'oa temostati na kumwambia mwenye gari kwamba nchi yetu ya joto haiihitaji. Sisi hatukubaliani nao. Temostati huifanya injini ifikie joto lake la kazi. Ikiondolewa, injini hukaa baridi, kompyuta ya gari huendelea kumwaga petroli nyingi, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba vile vile.

Gari nyingi za aina hii hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu ikiwa imezidi moto. Nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo na uzime injini. Usijisemee "nifike Jozani kwanza". Na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe, kwani mvuke wake huchoma uso.

Ukiendelea kwenda, bili yako ndiyo hii: gasketi ya hedi, kazi ya kuishusha na kuirudisha hedi, fundi wa mashine wa kuisawazisha uso wake, boliti mpya, oili na filta, maji mapya ya rejeta, na mara nyingi pampu ya maji pia. Hedi ya alumini ikipinda hata kwa kiasi kisichofika unene wa unywele, maji hupita. Ikiwa imepinda kupita kiasi au imepasuka, fundi atakwambia utafute injini ya mtumba, na hapo bei ya matengenezo huanza kuikaribia thamani ya gari lenyewe. Safari yote hiyo ilianzia kwenye kifuniko ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gasketi tu.

Baada ya maji ni chumvi ya hewani. Anayeegesha Mizingani mbele ya bahari, au anayeishi Paje na Jambiani wakati wa kusi, gari lake hulala ndani ya chumvi. Kutu huanzia chini, kwenye mabomba ya breki na kwenye silensa. Plagi za nyaya hufanya ukungu wa kijani, taa ya injini ikawaka bila sababu inayoonekana. Rejeta ndogo ya AC hutoboka. Dawa yake ni maji baridi: osha chini ya gari mara kwa mara, si bodi peke yake.

Wengine hununua kutu tayari. Mikoa ya baridi ya Japani kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani herufi S huonesha kutu, kutokana na neno lao sabi, na C huonesha kutu iliyokwisha kula bati. Muombe muuzaji karatasi hiyo kabla hujalipa. Daraja la R maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa.

Bushi, bolijointi na shokapu hatutazisema sana. Njia za mawe za vijijini huzimaliza, kila mtu anazisikia zikigonga, na zinabadilishwa moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu. Bolijointi ndiyo isiyosubiri: ikichomoka, gurudumu hulala.

Injini ikitetemeka na kukosa nguvu, usikubali kununua koili zote nne siku hiyo hiyo. Mwambie fundi aihamishie koili inayoshukiwa kwenye silinda nyingine. Ubovu ukihama nayo, koili ndiyo mbovu, unanunua moja. Usipohama, angalia plagi kwanza. Passo ya cc 1000 ina silinda tatu, kwa hiyo mtetemo kidogo ni tabia yake, ila ukizidi huenda ni mauntini za injini.

Kwenye giaboksi kosa ni moja tu lakini ni ghali. Vitz ya kizazi cha pili kilichoanza 2005, yenye injini ya cc 1300, hutumia giaboksi ya CVT, ambayo ndani yake kuna mkanda wa chuma. Oili yake ni ya peke yake. Ukimwagia haidroliki ya kawaida, mkanda huteleza na kukwaruza, na giaboksi hubadilishwa nzima.

Spea ina bei tatu: mpya ya kampuni, mpya ya kuiga, na ya mtumba. Muulize fundi anakutajia ipi, na umwambie akurudishie ile kuukuu iliyotolewa. Spea isipopatikana mjini huagizwa Dar es Salaam ikaja kwa boti. Kabla ya kutuma pesa, mpigie muuzaji picha ya spea kuukuu na ya kibati chenye namba ya chesisi, kilichopo chini ya boneti. Neno "Vitz" peke yake halimtoshi, kwa sababu SCP90 na KSP90 zote ni Vitz, na injini zake ni tofauti.