Siku 14 za Dar, Siku 14 za Arusha

Mwezi wa saba mwaka mmoja nilipigiwa simu na mama mmoja wa Arusha. Alikuwa amenunua samaki wa dhahabu wanne, akawaweka peke yao kwenye beseni siku 14 kabla ya kuwachanganya na wenzao aliokuwa nao sebuleni karibu miaka sita. Siku zote hizo hakuona dalili yoyote. Wiki ya pili baada ya kuwachanganya, samaki wote walitokwa na madoa meupe, kama vile mtu amewanyunyizia chumvi. Walipona wawili tu. "Daktari," aliniambia, "nilingoja siku kumi na nne kama ulivyosema. Nilikosea wapi?"

Hakukosea. Namba ile nilimpa mimi, na nilikuwa nimeizoea kutokana na kazi yangu ya Dar es Salaam, ambako maji ya tangi ni ya uvuguvugu karibu mwaka mzima. Sikumuuliza maji yake yana joto kiasi gani. Tangu siku ile hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayetaka kujua samaki mgeni atengwe siku ngapi, na ndilo linalonifanya niandike makala haya.

Kimelea kinacholeta madoa meupe ni kiumbe cha seli moja. Wanasayansi walikiita Ichthyophthirius multifiliis, maneno ya Kigiriki na Kilatini yenye maana ya chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Chawa si chawa, lakini kwenye hayo ya watoto wengi hawakutia chumvi hata kidogo. Doa moja unaloliona kwa macho ni kimelea kimoja kilichonona chini ya ngozi ya samaki, na kikubwa kabisa hufikia milimita moja. Kikishiba hutoboa ngozi, hutoka, huzama chini, hujishikiza kwenye changarawe au jani na kujizungushia kifuko. Humo ndani hujigawa: viwili, vinne, vinane, mpaka mia kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Kifuko kikipasuka, vitoto vyote hivyo huanza kuogelea kutafuta samaki. Kwa kawaida visipompata ndani ya siku moja au mbili, hufa.

Hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hulisoma kinyume. Madoa yakitoweka mwilini, mtu hushangilia kwamba dawa imefanya kazi, akaacha kuitia. Kumbe vimelea vimeshuka chini kuzaa. Dawa karibu zote hazikifikii kimelea kilicho chini ya ngozi wala kilicho ndani ya kifuko. Hukipata kikiwa kinaogelea tu. Anayeacha dawa siku madoa yanapoondoka ameacha kabla dawa haijaanza kuwa na maana.

Sasa tuje kwenye joto. Katika maji ya nyuzijoto 25 hivi, mzunguko huo wote, kuanzia kuingia kwenye ngozi mpaka watoto kuogelea, huchukua kati ya siku 3 na 6. Maji yakishuka hadi nyuzi 15, unaweza kuchukua wiki mbili. Kwenye nyuzi 10 unapita mwezi. Kimelea hakina kalenda. Kinaishi kwa joto la maji yanayokizunguka.

Samaki anapotoka dukani na vimelea viwili vitatu, mara nyingi vimejificha kwenye matamvua, mahali ambapo jicho lako halifiki. Kizazi hicho cha kwanza hukioni. Cha pili unaweza kukiona ukibahatika. Cha tatu hakifichiki. Kwa hiyo tunapomtenga samaki hatuhesabu siku, tunahesabu vizazi. Siku 14 katika maji ya Dar ni vizazi viwili, vitatu au zaidi, na mgonjwa huwa ameshajidhihirisha. Siku 14 katika beseni la Arusha mwezi wa saba, usiku wa baridi, bila hita, zinaweza zisizidi kizazi kimoja. Yule mama alingoja kwa uaminifu, akawahamisha samaki wake wakati ule ule kizazi cha pili kinaanza safari.

Kutenga huku ndiko kunakoitwa karantini. Neno hilo asili yake ni Kiitalia, na maana yake ni arobaini: siku arobaini za meli kutia nanga pembeni mwa bandari wakati wa tauni. Watu wa bandari zile hawakujua tauni inasababishwa na nini, kwa hiyo arobaini yao haikutokana na ugonjwa. Sisi wa pwani hii tuna ukumbusho wa karibu zaidi. Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja, kilijengewa gereza mwaka 1893, lakini badala ya wafungwa kikapokea wasafiri waliotengwa kwa hofu ya homa ya manjano. Homa hiyo huchukua siku 3 hadi 6 kujitokeza baada ya mtu kuumwa na mbu, na ni tabia hiyo ya ugonjwa inayoamua msafiri angoje kiasi gani. Kila nikivuka kwenda Changuu hukumbuka pia kwamba kisiwa kile kimepewa jina la samaki.

Ushauri wangu wa sasa ni huu. Anayeishi pwani, na maji yake hayashuki chini ya nyuzi 25, kwa tahadhari amtenge mgeni wiki nne. Wa Arusha, Mbeya, Nairobi au Nakuru asiye na hita amtenge wiki sita, na miezi ya baridi aongeze. Njia iliyo bora kwa watu wa nyanda za juu ni kununua hita ndogo na kipimajoto, kupasha maji ya kutengea mpaka nyuzi 26 au 27, kisha kufuata wiki nne kama watu wa pwani. Watu hudhani joto linamstarehesha samaki tu. Katika karantini kazi yake kubwa ni kukiharakisha kimelea kijitokeze.

Wengi huniambia hawana haja ya kutenga kwa sababu samaki waliyemchagua ni mzima, anang'aa, anakula. Naelewa. Lakini samaki aliyewahi kuugua akapona hujenga kinga ya kiasi, na anaweza kubeba vimelea vichache bila kudhurika. Sisi ndio tunaomtia kwenye mfuko wa nailoni, tukamtikisa kwenye daladala saa nzima, tukammwaga kwenye maji mageni. Kinga inashuka, vimelea vinapanda, na samaki wako wa zamani, ambao hawajawahi kukutana na ugonjwa huo, hawana kinga yoyote.

Mfano mkubwa zaidi ninaoujua ni wa Norway, na haukuanzia kwenye tangi la sebuleni. Kuna mnyoo bapa mdogo sana uitwao Gyrodactylus salaris, ambao kwenye samoni wa Bahari ya Baltiki hukaa bila kuleta balaa. Miaka ya 1970 samoni wadogo wa kufugwa waliotoka Sweden waliuingiza Norway. Samoni hao walioubeba walikuwa na afya. Samoni wa Atlantiki wa mito ya Norway hawakuwa na namna ya kujilinda, na vifaranga wao wakafa kwa wingi mno. Mnyoo ulifika mito ipatayo 50, na ili kuuondoa serikali imelazimika kutia sumu ya kuulia samaki mto baada ya mto, kisha kurudisha samaki upya. Ninapowasihi watu wasimwage maji ya tangi wala samaki wasiowataka mtoni au ziwani, huwa nawaza mito hiyo, na huwa nawaza Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, zenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo duniani.

Chombo cha kutengea si lazima kiwe cha gharama. Beseni au tangi la plastiki la lita 40 linatosha samaki wadogo wachache. Usiweke changarawe wala mimea, maana unataka kuona chini na kufyonza uchafu kila siku, na vifuko vya vimelea vitatoka na uchafu huo. Weka kipande cha bomba la plastiki ili samaki apate pa kujificha, na mfuniko, kwa sababu samaki mwenye hofu huruka. Unahitaji pia pampu ya hewa na chujio la sponji, na sponji ndiyo inayowashinda wengi. Sponji mpya haina bakteria wa kuvunja amonia itokayo kwa samaki, na katika chombo kidogo amonia huua upesi kuliko kimelea chochote. Wiki nne kabla ya kununua samaki, weka sponji hiyo ndani ya tangi lako kuu ili bakteria wahamie humo. Ukikosa subira hiyo, badilisha robo ya maji kila siku, kwa maji ya bomba yaliyoondolewa klorini.

Siku ya kumleta mgeni, mhamishe kwa wavu. Maji ya mfukoni yamwage, yasiingie chombo chochote chako. Wavu, mpira wa kufyonzea na ndoo ya karantini viwe vya karantini peke yake. Lisha tangi kuu kwanza, karantini mwisho, kisha nawa na ukaushe mikono. Tone moja la maji linatosha kubeba vitoto vinavyoogelea. Na ukiongeza samaki mwingine siku ya 20, hesabu ya wote inarudi siku ya kwanza. Hili linawauma watu, lakini halina njia ya mkato.

Mwangalie kila siku kwa dakika tano kabla hujamtupia chakula, kwa sababu akishakuona na chakula hubadilika. Anajikwaruza kwenye bomba? Amebana mapezi? Matamvua yanakwenda mbio? Upande mmoja unafanya kazi kuliko mwingine? Hizo hutangulia madoa kwa siku kadhaa.

Madoa yakitokea, kwa samaki wa maji yasiyo ya bahari wanaovumilia joto, naanza na njia ya kupandisha maji taratibu hadi nyuzi 30 na kutia chumvi isiyo na nyongeza, gramu 1 hadi 3 kwa lita, huku pampu ya hewa ikiongezwa nguvu kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Natibu angalau siku 10, na siachi madoa yanapoondoka. Samaki wa dhahabu hawapendi joto hilo. Kwao nabaki na chumvi na muda mrefu zaidi.

Minyoo bapa ya ngozi na matamvua ni kesi nyingine, na haionekani kwa macho. Ukiweza kupata hadubini, hata ya maabara ya shule, utaiona ikijinyoosha kwenye ute. Jamaa wa Gyrodactylus huzaa watoto wakiwa hai, na mtoto aliye tumboni tayari ana mtoto tumboni mwake. Jamaa wa Dactylogyrus hutaga mayai, na dawa haiyaui, hivyo lazima urudie matibabu mayai yakishaanguliwa. Dawa yenyewe wasomaji wa Mwanza na Ukerewe wanaijua: ni praziquantel, ile ile wanayopewa wanafunzi kwa ajili ya kichocho. Kipimo chake kwenye maji mpangiwe na mtaalamu, msikadirie kwa vidonge vya nyumbani. Nayo haigusi minyoo mviringo, ile myekundu inayoning'inia kama uzi nyuma ya samaki. Hiyo huuawa na levamisole, dawa ambayo wafugaji wa mbuzi wanaifahamu.

Kwa wenye matangi ya maji ya bahari mambo ni magumu zaidi. Kimelea chao cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, ni kingine kabisa, na vifuko vyake havipasuki kwa pamoja: vingine siku chache, vingine baada ya wiki nyingi. Shaba inayokiua huua pia kamba na matumbawe, kwa hiyo haiwezi kutiwa kwenye tangi kuu. Huko karantini ndiyo nafasi pekee ya kumtibu samaki bila kuangamiza kila kilicho hai karibu naye.

Yule mama hakuacha kufuga. Alinunua hita, na kwenye ubavu wa beseni akabandika utepe wa karatasi wenye safu mbili, tarehe na joto la maji la asubuhi. Mara ya mwisho alinitumia picha ya utepe huo kwenye simu. Safu ya joto ilionyesha 26, 26, 27, 26, mpaka siku ya 19, ambapo alikuwa ameandika 18 na pembeni yake, "umeme ulikatika usiku kucha". Chini ya mstari huo alikuwa ameanza kuhesabu upya kutoka moja, bila kuniuliza.