Akili mnemba na amana ya raia: Mashine ikikosea, nani atajibu?

Machi 27, 2025, jijini Nairobi, serikali ya Kenya ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Mnemba wa miaka ya 2025 hadi 2030. Nia yake si ndogo: inataka Kenya iwe miongoni mwa vinara wa Afrika katika teknolojia hiyo. Mkakati umesimama juu ya nguzo tatu, nazo ni miundombinu ya kidijitali, data, na utafiti na ubunifu.

Ndugu wasomaji, akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, ni programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na wingi wa taarifa, kisha zikajibu maswali, zikatambua sura za watu au zikakisia mambo. Kwa hiyo nguzo ya pili, yaani data, ndiyo inayoingia majumbani mwetu. Data hiyo ni majina yetu, alama za vidole vyetu, maradhi yetu, kipato chetu na habari za watoto wetu.

Je, wananchi wanasemaje?

Wapo wanaodhani kwamba anayehoji mipango hii ni mtu wa kale anayeogopa mashine. La hasha. Wakenya wametumiana fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Aidha, ripoti ya DataReportal ya mwaka 2025 ilionyesha kuwa takriban asilimia 42 ya watumiaji wa intaneti nchini humo, wenye umri wa miaka 16 na zaidi, walikuwa wametumia ChatGPT katika muda wa mwezi mmoja. Watu hawa hawaichukii teknolojia. Wasiwasi wao una historia, na historia hiyo imeandikwa mahakamani na katika foleni.

Mwaka 2019 raia walitakiwa kujiandikisha kwa Huduma Namba. Sheria iliyoanzisha mfumo huo iliruhusu hata kukusanya vinasaba vya mtu na vipimo vya setilaiti vya mahali anapoishi. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni jumuiya ya haki za Wanubi, jamii ya Kiislamu ambayo wazee wake waliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, wakapewa makazi Kibra. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 alifikishwa mbele ya kamati ya kumhoji uraia wake, ilhali jirani yake wa kabila jingine alijaza fomu akaondoka. Hofu yao ilikuwa bayana: asiye na kitambulisho ataingiaje katika daftari hilo jipya, na asipoingia atapataje huduma?

Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanya vinasaba na vipimo hivyo, ikasema mfumo usiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha. Oktoba 14, 2021 ikaamua tena kwamba kadi zilitolewa bila ya kutanguliza tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Kisha ikaja foleni. Katikati ya mwaka 2023 maelfu ya watu walijipanga Nairobi ili mradi wa kigeni wa Worldcoin upige picha mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha Agosti 2, 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Mwenye njaa akiambiwa atoe jicho apewe unga, ridhaa yake ni ridhaa ya namna gani?

Leo jambo hili limefika hospitalini. Bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 1, 2024 inawatoza wasio na mshahara asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mapato hayo hukadiriwa na mfumo wa kompyuta kutokana na majibu kuhusu hali ya nyumba na mali. Malalamiko yakazuka ya watu waliopangiwa kiasi wasichokimudu.

Tuchukue mfano wa mjane muuza mboga, anayeishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mfumo unaiona nyumba. Hauoni kapu lililorudi limejaa kutoka sokoni. Akienda kulalamika, karani humjibu, "Mfumo ndio uliosema." Hapo ndipo penye kiini cha wasiwasi wa raia. Mfumo hauna uso wa kuona haya, wala hauwezi kusimama kizimbani.

Sisi tumelelewa katika mafunzo ya amana na shura. Amana ina mwenye kuulizwa juu yake, naye ni mtu. Shura nayo hutangulia uamuzi, wala haifuati baada ya mambo kwisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 10, imelitaja hilo kwa lugha yake: ushirikishwaji wa wananchi na uwajibikaji.

Hapana budi basi kila familia ijue haki zake. Sheria ya Kulinda Data inampa mtu haki ya kuambiwa taarifa zake zitatumiwaje, kuziona na kutaka zisahihishwe. Inampa pia haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo lenye athari kubwa kwake. Data za mtoto hazichukuliwi bila ya idhini ya mzazi au mlezi. Aliyedhulumiwa anaweza kumfikishia Kamishna wa Data malalamiko yake.

Serikali ikitaka kukimbia, raia hawatakuwa kikwazo. Lakini yule mjane anapofika dirishani, yapasa amkute mtu mwenye uwezo wa kumsikiliza na kulirekebisha kosa.