Kila Kona Inadai Waya Wake

Kusini mwa eneo la Fizi, Kivu Kusini ya Kongo, kwenye mto Kiyimbi, kuna mtambo wa umeme wa maji wa Bendera. Ulijengwa enzi za Wabelgiji, na umeme wake husafiri kwa laini ya kilovolti 120 kuelekea kusini, mpaka Kalemie. Tarehe 29 Juni 1965 wapiganaji wa Simba, pamoja na Warwanda na Wacuba waliokuja na Che Guevara, waliushambulia wakitaka kuuteka. Walishindwa, na Wacuba wanne walifia pale. Hata Lubondja, kijiji cha Fizi, imetajwa katika kumbukumbu alizoandika Che kuhusu vita hivyo. Basi wazee wa Fizi wanalijua jina la Bendera vizuri sana. Wanalijua kwa habari za risasi, maana taa ya Bendera haijawahi kuwaka nyumbani kwao.

Kaskazini nako, umeme wa SNEL, shirika la taifa, unafika Uvira, karibu kilomita 90 kutoka Baraka, unaishia huko. Katikati ya ncha hizo mbili wamebaki watu wa Baraka, wa Fizi mjini, wa Lubondja na wa vijiji vya milimani, na paneli zao za jua, betri zinazochoka mapema, na jenereta ya jirani anayevuta waya juu ya miti ili duka tatu nne zipate taa na mashine ya kunyolea izunguke. Watu hawa wanautaka umeme kweli, na wako tayari kuulipia.

Tangu sheria ya umeme ya Juni 2014, SNEL si mwenye soko peke yake tena. Kampuni binafsi, ushirika au hata mkoa unaweza kuomba kibali na kuzalisha, kusafirisha au kuuza umeme. Ikaundwa ARE ya kusimamia sekta, na ANSER ya kupeleka umeme vijijini. Tumeona matunda yake Kivu Kaskazini: mtambo wa Matebe huko Rutshuru, wa megawati 13.6, na mtambo wa jua wa kampuni ya Nuru mjini Goma, wa megawati 1.3, uliowashwa mwaka 2020. Kwa hiyo mazungumzo ya umeme Fizi si ndoto. Lakini kila ninapoyasikiliza, nasikia megawati, maporomoko, wafadhili na bei. Sisikii mtu akiuliza habari za nguzo ya kona. Mimi nataka kuizungumzia hiyo, kwa sababu laini ya kijijini huanza kufa pale.

Nguzo iliyo kwenye mstari ulionyooka haina taabu kubwa. Waya zinaivuta mbele na nyuma kwa nguvu zinazolingana, na kazi yake ni kubeba uzito wa waya na kuvumilia upepo wa ubavuni. Laini ikikata kona, mambo hubadilika. Kwenye kona ya nyuzi 60, nguzo inavutwa upande wa ndani kwa nguvu iliyo sawa na mvutano mzima wa waya, na hesabu hiyo ni kwa kila waya uliopo juu. Kona ikiwa ya nyuzi 90, nguvu hiyo inazidi kufikia mara 1.4. Nguzo ya mwisho wa laini nayo inavutwa upande mmoja tu, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Hakuna mti wala zege la kawaida litakalosimama hivyo peke yake. Nguzo ya mita 9 huzikwa mita 1.5, yaani sehemu moja ya sita, na mita hizo chache hazikukusudiwa kubeba mzigo wa kona.

Ndipo inapoingia stei, kama mafundi wa Tanzania wanavyoiita. Waliosomea Bukavu au Lubumbashi kwa Kifaransa husema obani. Ni kamba ya chuma ya nyuzi saba zilizosokotwa na kupakwa zinki. Huteremka kutoka karibu na kichwa cha nguzo hadi ardhini, upande wa nje wa kona, ikivuta kinyume cha waya za umeme.

Pembe ya waya huo na nguzo ndiyo inayoamua kila kitu. Ikiwa ya nyuzi 45, stei hubeba mara 1.4 ya nguvu inayoivuta nguzo. Fundi akiibana hadi nyuzi 30 kwa sababu eneo ni dogo, mzigo unakuwa mara 2. Akiibana hadi 15, unakaribia mara 4, na juu ya hayo stei yenyewe inaikandamiza nguzo kuelekea chini, hata nguzo nyembamba hupinda katikati. Nimeona nguzo za namna hii katika miji kadhaa ya eneo letu: waya umeshuka karibu wima, umefungwa kwenye kipande cha chuma kilichogongwa mlangoni pa duka, na mwenye kazi amekwisha kulipwa. Hiyo si stei.

Kwa kipimo cha nyuzi 45, waya uliofungwa mita 7 juu hutua mita 7 kutoka shina la nguzo. Kwa barabara za Fizi, mita 7 maana yake ni shamba la mtu. Stei itatua kwenye mihogo ya mama fulani, na mama huyo hakuulizwa. Atalima akiizunguka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili atafunga mbuzi hapo, mwaka wa tatu kijana wake ataona chuma kizuri kinachofaa kazi nyingine. Simlaumu hata kidogo. Aliyepita na kuchimba bila kupiga hodi ndiye aliyeuweka umeme wa kijiji kizima mikononi mwa mtu asiyejua anashika nini. Mwenye shamba alipwe fidia yake, aelezwe kwa Kibembe au kwa Kiswahili kwamba waya huu ukilegea nguzo itaanguka na umeme juu yake, na apewe mtu wa kumwita akiona umelegea. Pale ambapo nafasi haipo kabisa, kwa mfano laini ikibanwa kati ya barabara na nyumba, kuna njia nyingine: kupitisha stei juu ya barabara hadi kwenye nguzo fupi ya ng'ambo na kuifunga ardhini huko, au kusimamisha nguzo ya pili inayoiegemeza ya kwanza kwa upande wa ndani. Zote mbili zinagharimu zaidi. Barabara za milimani zina kona nyingi, na bajeti iliyopigwa kwa kuhesabu kilomita tu itaisha kabla ya laini kufika.

Sasa shimo. Chini kabisa, mita moja na nusu au zaidi, hulazwa bamba la chuma au tofali kubwa la zege, na fimbo ya chuma hutoka hapo kuja juu. Kinachoshika stei ni uzito wa udongo uliokaa juu ya bamba. Fimbo lazima ilale katika mstari uleule wa waya, kwa hiyo huchongewa mfereji mwembamba kwenye ukuta wa shimo. Ikitoka wima kisha ikapindishwa juu kufuata waya, siku laini itakapovutwa fimbo itajinyoosha ndani ya udongo, stei italegea, na nguzo italala. Udongo hurudishwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine. Hapa ndipo watu huiba kazi, kwa kuwa shimo likifukiwa hakuna anayeona. Na kila aliyewahi kung'oa mhogo baada ya mvua anajua jinsi ardhi iliyolowa inavyoachia. Kwenye tambarare ya Ziwa Tanganyika pale Baraka, ambako maji yamepanda na mafuriko yamerudi mara kwa mara miaka hii, bamba linatakiwa kuwa pana zaidi na shimo refu kuliko kwenye udongo mgumu wa mlimani.

Kati ya sehemu ya juu ya stei na sehemu ya chini huwekwa kikombe cha kauri chenye umbo la yai. Nakipenda kifaa hiki kwa akili iliyomo. Waya mbili hupita kwenye matundu yake kwa namna ya kukumbatiana, hivyo kauri hukandamizwa badala ya kuvutwa, na hata ikipasuka, vitanzi vya waya bado vimeshikana na nguzo haianguki. Kazi yake ni kuzuia umeme. Siku waya wenye moto utakapokatika na kuangukia stei kule juu, sehemu ya chini wanayoishika watoto na wanayojikunia mbuzi haitakuwa na umeme. Ndiyo sababu huwekwa juu sana, ili kibaki mita 3 au zaidi kutoka ardhini hata stei ikikatika na kuning'inia. Ni kitu cha bei ndogo, na ndicho kinachorukwa kwanza fundi akikosa vifaa.

Utaratibu nao una maana. Stei hukazwa kabla ya waya za umeme kuvutwa, na nguzo huachwa imeegemea nje kidogo. Mvutano wa waya ukija, unainyoosha. Anayefanya kinyume chake, akavuta waya kwanza na kutafuta stei baadaye, atapambana na nguzo iliyokwisha kuhama kwenye shimo lake.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kuanza kuingia mwaka 2022. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa husafirishwa kutoka Mufindi na Njombe, na mwanakijiji huunganishwa kwa shilingi 27,000. Maelfu ya watu wa Fizi wameishi kambi ya Nyarugusu, Kasulu, tangu 1996, na baadhi wamerudi wakiwa wameona kwa macho yao jinsi laini inavyoingia kijijini. Naamini kwa dhati kwamba miongoni mwao, na miongoni mwa vijana wanaochimba dhahabu Misisi na kujua udongo kuliko mhandisi yeyote, wapo mafundi wa stei wa kesho. Wanahitaji mafunzo ya wiki chache, mikanda ya kupandia, na mtu wa kuwakagua.

Kwa hiyo siku mwekezaji atakapokuja Lubondja na ramani yake, kamati ya kijiji iulize megawati, sawa, iulize na bei. Kisha itake mkataba utaje idadi ya stei kwa kila kona na kila mwisho wa laini, kina cha shimo, ukubwa wa bamba, na fidia ya kila shamba. Na uandikwe wazi kwamba hakuna shimo litakalofukiwa kabla wajumbe wawili wa kamati hawajasimama ukingoni, wakaliona bamba chini, na kutia sahihi.