Bomba Linapita Mtwara, Mtungi Unatoka Melini

Mama lishe wa Mtwara mjini anapika kwa gesi iliyokuja na meli. Imeshushwa Dar es Salaam au Tanga, ikajazwa mitungini, ikapandishwa lori kuelekea kusini. Gesi asilia ya Mnazi Bay, jirani yake kabisa, inasafishwa Madimba na kushika njia ya kwenda Dar es Salaam kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lililozinduliwa mwaka 2015. Lori na bomba vinapishana njiani. Akiuliza mbona gesi ni yetu na bado ghali, ana haki ya kuuliza, ila gesi hizo ni mbili.

Ya mtungi ni propani na butani. Ukiibana inageuka kimiminika, hivyo inabebeka hata Kigoma, na kila kilomita kutoka bandarini inaongeza nauli kwenye bei. Gesi asilia ni methani, nayo haiwi kimiminika mpaka ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Inataka bomba, au mitungi mizito kama ile ya bajaji na teksi zinazotumia gesi. Kwa hiyo unaweza kuishi karibu na kisima usiipate, na mtu wa Mikocheni, Dar es Salaam, akawasha jiko kwa bomba huku mtaa wa pili wakibeba mitungi begani.

Viwanda vilitangulia. Saruji ya Wazo Hill inachomwa kwa gesi ya kisiwa cha Songo Songo, ya Dangote kwa gesi ya Mtwara. Kiwanda kinachochoma usiku na mchana kinarudisha haraka gharama ya bomba moja. Nyumba mia zinazochemsha chai asubuhi na kusonga ugali jioni zinadai mabomba madogo, mita mia za kupimia gesi, na fundi wa kuzikagua. Hata Marekani, penye mtandao wa siku nyingi, mwaka 2023 nyumba zililipa wastani wa dola 15 hivi kwa futi za ujazo 1,000, viwanda chini ya dola 5.

Bomba likifika kwenu, usilinganishe kilo na mita za ujazo. Linganisha joto. Kilo moja ya gesi ya mtungi inatoa joto la takriban mita za ujazo 1.3 za gesi asilia, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ni sawa na karibu mita za ujazo 20. Gawa bei ya mtungi wako kwa 20. Ukinunua kwa shilingi 60,000, jibu ni 3,000, na bomba lenye bei ya chini ya hapo linakufaa. Jumlisha gharama ya kuunganishiwa na ya kubadilisha pua za jiko, maana jiko la mtungi haliwaki sawasawa kwa methani. Mpangaji mwenye mkataba wa miezi sita apige hesabu hiyo mara mbili.

Wengi wetu bado tuko kwenye mtungi. Gawa bei kwa kilo kabla ya kuchagua wa 6 au wa 15: aliyezoea kununua mdogo kwa sababu ya uchache wa fedha mkononi mara nyingi ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilo, na hilo linaniuma. Kisha omba upimiwe. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Uutoe kwenye namba ya mizani, hapohapo dukani, kabla hujalipa.