Injini Ndogo Safarini na Nyumbani

Wahenga husema, ajali haina kinga. Lakini ajali ya petroli, mara nyingi, kinga yake imo mikononi mwetu wenyewe.

Baba mmoja amenunua mjini Butembo injini iliyokwisha kutumika, ya kusagia mihogo, naye ataka kuifikisha Beni, mwendo wa kilometa zipatazo 54. Afanyeje? Kwanza aiache ipoe. Kisha aitoe petroli yote ya tangini, akiwa nje, mbali na moto na sigara. Garini aisimamishe wima na kuifunga barabara kwa kamba. Naye achukuaye petroli asijaze bidoni pomoni, kwani apandapo kutoka Beni kwenda milima ya Butembo, kanieneo ya hewa hupungua na bidoni hutuna.

Wako wanaoificha injini chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Jihadharini, ndugu wasomaji! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, hauonekani, hata ukafika mafigani, na nyumba nzima ikashika moto. Iwekeni katika kibanda cha peke yake, pakavu, penye kupita hewa. Wala msiiwashe kamwe chumbani: moshi wake una sumu isiyo na harufu, iuayo watu usingizini.

Nayo ikilala miezi mingi, isibaki na petroli, maana hugeuka ulimbo na kuziba kabureta. Fungua plagi, tia kijiko cha mafuta safi ya injini, vuta kamba polepole, kisha irudishe plagi.

Injini ikiharibika yaweza kununuliwa nyingine. Mtoto hanunuliwi.