Ugumu wa Springi na Ufifishaji wa Mtikisiko: Uboreshaji wa Shokapu za Pikipiki za Abiria

Pikipiki ya biashara nchini Tanzania hubeba mizigo ambayo mtengenezaji hakuikusudia: magunia ya mkaa, kreti za soda, abiria wawili au watatu kwa mtindo uitwao mishikaki. Shokapu za nyuma zinapoanza kugota, suluhisho lililozoeleka ni kufunga springi ngumu zaidi. Makala hii inafafanua kwa nini suluhisho hilo, likiachwa peke yake, huweza kuifanya pikipiki kuwa ya hatari zaidi.

Shokapu ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Springi hubeba uzito na kuhifadhi nishati ya mshtuko. Oili inayosukumwa kupitia matundu membamba huigeuza nishati hiyo kuwa joto. Oili ikivuja au kuchakaa, springi hurudisha karibu yote iliyoyapokea, na tairi huruka badala ya kushika barabara.

Ugumu wa springi hutegemea kipeo cha nne cha kipenyo cha waya wake. Waya ukinenepa kwa asilimia 10 tu, ugumu hupanda kwa takriban asilimia 46. Uzito ukibaki uleule, mrudio asilia wa mtikisiko huongezeka kwa asilimia 21, ilhali uwiano wa ufifishaji hupungua kwa asilimia 17 hivi. Fundi hajaigusa oili, lakini amekwisha kuidhoofisha kazi yake. Ugumu huo wa springi huhisiwa zaidi dereva anaporudi bila abiria, yaani wakati ambao yeye mwenyewe hujiona salama.

Hudhaniwa pia kuwa kuzungusha kola iliyo chini ya springi huongeza ugumu. Sivyo. Kola huinua kimo cha nyuma na kuongeza nguvu ya awali tu. Kimo hicho nacho kina gharama: nyuma ikiinuka, foki za mbele husimama wima zaidi, usukani huwa mwepesi, na pikipiki hupoteza utulivu katika mwendo wa kasi.

Kwa sababu hiyo, kipimo hutangulia ununuzi. Umbali ambao shokapu hushuka dereva anapoketi, ambao kwa kawaida hukubalika ukikaribia theluthi ya mwendo wake wote, hupimwa kwa rula. Kisha hupimwa tena abiria akiwapo. Springi huchaguliwa kwa tofauti ya vipimo hivyo, na oili hubadilishwa pamoja nayo, pamoja na sili zinazovuja.