Ngoma Nayo ni Shule: Mtoto Mwenye Usonji Asifungiwe Ndani

Huenda umewahi kumwona mtoto wa namna hii mtaani kwako. Ukimwita jina hageuki. Maneno yake ni machache, au hana kabisa. Aweza kuzungusha kifuniko cha sufuria saa nzima, na njia ya kwenda dukani ikibadilishwa hulia kana kwamba amepigwa. Majirani husema karogwa, au mama yake hakumlea vema. Mwishowe mlango hufungwa na mtoto hubaki ndani.

Hali hiyo huitwa usonji. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943, baada ya kuwachunguza watoto 11 huko Marekani. Si uchawi, wala si kosa la mama. Ni ubongo unaokua kwa namna yake. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini yako mafunzo yanayomsaidia mtoto.

Katika nchi za ng'ambo baadhi ya watoto hawa hupelekwa katika madarasa ya kucheza dansi. Huko Ifakara na Bonde zima la Kilombero, darasa la namna hiyo liko uani. Wapogoro wana Sangula yao, na makabila mengine ya bondeni yana ngoma zao. Hebu tazama: mdundo hurudi ule ule, mmoja huimbisha, wengine huitikia, na kila mchezaji hungoja zamu yake. Watoto wengi wenye usonji hutulizwa na jambo lisilobadilika, na mdundo humjulisha mtoto mapema kitakachofuata. Akiiga hatua za mwenziwe, hujizoeza kumtazama mtu. Akingoja zamu, hujifunza mwanzo wa mazungumzo, hata kama hana maneno.

Hata hivyo, tusijidanganye. Ngoma haiponyi usonji, na wataalamu wangali wakizichunguza faida zake. Tena wengi wa watoto hawa huumizwa na kelele. Basi usimtie mtoto ghafla katikati ya ngoma ya harusi. Anza nyumbani kwa makofi, watu wawili watatu, wimbo mmoja, saa ile ile kila siku, kwa dakika chache. Akiziba masikio, nyamazeni. Asipopenda kushikwa mkono, asilazimishwe. Akirukaruka kwa namna yake, mfuateni ninyi.

Msimu wa mpunga unapofika, jamaa nyingi za bondeni huhamia vibanda vya shambani. Kwa mtoto huyu mabadiliko hayo ni mazito. Basi wimbo wake uende naye, uimbwe saa ile ile. Waweza kumtuliza pale ambapo fimbo ingemzidishia hofu.

Mzazi mwenye wasiwasi hana budi kumpeleka mtoto hospitali mapema. Nasi majirani wajibu wetu ni kumpa nafasi katika duara, si kumcheka. Mtoto huyu ni wetu sote.